Shangazi, kaka anasema kiwanda chetu si NGO, nimpimie nini anielewe?

Shikamoo Shangazi,

Mi ni dada wa miaka 36, nipo Singida, nakuandikia usiku maana mchana kiwandani hata pa kukaa hakuna. Jina langu naomba usiliweke.

Baba yetu alianzisha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, alianza na mashine moja ya mtumba tu. Alipofariki tukaandikisha kampuni, tuko watoto wanne na kila mmoja ana robo ya hisa. Wenzangu wako Dar na Dodoma na kazi zao, mi ndo nilibaki nyumbani kwahiyo ndo nakiendesha, huu mwaka wa 6 sasa. Tuna wafanyakazi 14 wa kudumu na msimu ukifika tunaongeza vibarua.

Utaratibu wangu ni huu, alizeti napima kwa mizani kilo kwa kilo, mkulima anaisoma namba mwenyewe na hela yake anaondoka nayo siku hiyo hiyo, lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) sipokei. Wafanyakazi wa kudumu wote wako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mchana wanakula hapo hapo kiwandani. Mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, natenga kwanza ya wafugaji wa hapa jirani ndo yanayobaki nauza kwa wenye malori. Na mwishoni mwa mwaka jana kabla ya mvua nikakopesha mbegu bora za milioni 3 na laki 2 kwa wakulima ninaowafahamu, wanarudisha wakivuna, na mpaka leo karibu wote wamesharudisha, kuna kama laki 3 tu naona imeshapotea. Wakati naanza wakulima waliokuwa wanatuletea walikuwa 212, sasa hivi kwenye daftari wapo 390.

Shida imeanza kwenye hesabu. Mwaka juzi faida ilikuwa milioni 38, mwaka jana imeshuka milioni 31. Ni kweli mwaka jana mota ya mashine kubwa iliungua nikanunua mpya milioni 4 na nusu, na zile mbegu nazo niliziandika kwenye matumizi. Kaka yetu mkubwa anafanya kazi benki, akatuma ekseli kwenye grupu la WhatsApp la familia, mstari mmoja tu umewekwa rangi nyekundu, faida imeshuka. Akaandika "kampuni si NGO". Anataka wa kudumu wabaki 5 wengine wawe vibarua wa siku, tupokee magunia ya lumbesa kama wengine, mashudu yote yaende kwenye lori, na mbegu za mkopo zife kabisa. Mdogo wetu wa kike anamuunga mkono kwasababu ana ada za watoto na gawio limepungua. Wa nne amekaa kimya. Mama yupo hai, hana hisa, ila kila akiniona anauliza kama wale wazee wa baba bado wanaleta alizeti.

Mwisho wa mwezi tuna kikao. Shangazi kila nikijieleza naonekana naongea huruma na mwenzangu anaongea namba. Hivi kuna namna ya kuyapima haya mengine yakawa namba na yenyewe? Au labda ni kweli mi sio mfanyabiashara, nimwachie mwenye kujua? Mi najilipa laki 3 na nusu kwa mwezi, sijawahi kulalamika, sasa nikiambiwa nagawa mali ya familia inaniuma sana.

Binti wa Alizeti

*

Marahaba mwanangu,

Pole, na nimekuelewa. Ila nimefanya uhasibu miaka mingi kwahiyo kabla ya kukufariji nimechukua kalamu kwanza, maana kuna vitu kwenye barua yako vimeandikwa mahali sipo na ndo vimekuletea huu ugomvi wote.

Tuanze na mbegu. Mbegu ulizokopesha sio matumizi, ni madai, ni hela yako ambayo ipo shambani kwa watu inakurudia. Ungezitoa bure sawa, lakini umekopesha na wamerudisha. Kwahiyo kwenye ile milioni 3 na laki 2 hasara yako ni hiyo laki 3 iliyopotea, milioni 2 na laki 9 inarudi juu kwenye faida ya mwaka jana. Halafu mota. Mota hainunuliwi ikaliwa mwaka mmoja, tuseme itafanya kazi miaka 5, basi mwaka jana ubebe laki 9 na zilizobaki milioni 3 na laki 6 zibebwe na miaka inayokuja. Jumlisha sasa, 31 na 2.9 na 3.6, unapata milioni 37 na nusu. Ule mstari mwekundu wa kaka umeshapauka.

Ila usishangilie bado maana kuna namba nyingine hujaiona na hiyo ndo iliyonifanya nisiwahi kulala. Wewe unaendesha kiwanda cha watu 14 na wakulima 390 kwa laki 3 na nusu kwa mwezi. Kesho ukiugua wakaajiri meneja mtamlipa ngapi, tuseme laki 9 na hapo mmembana kweli kweli. Tofauti ni laki 5 na nusu kila mwezi, kwa mwaka milioni 6 na laki 6, na hiyo hela imekuwa ikiitwa faida ikigawanywa kwa wanne wakati ni jasho la mmoja. Itoe. 37.5 ukitoa 6.6 inabaki milioni 30 na laki 9. Mwaka juzi nao ulikuwa unajilipa hivyo hivyo, toa, ile 38 inakuwa 31.4. Umeona? Faida haijashuka kwa milioni 7, imeshuka kwa laki 5. Na wanaogawiwa mali bure kwenye hiyo familia sio wakulima mwanangu, ni wenye hisa, na anayewagawia ni wewe.

Nimeanza na haya kwa makusudi kabisa. Watu wengi wanaotaka biashara ipimwe kwa zaidi ya faida wanakimbilia kwenye mambo ya jamii na mazingira huku faida yenyewe hawajaipima sawasawa, wakiulizwa swali moja la hesabu wanapotea. Kaka yako ni mtu wa benki, mpelekee kwanza hesabu iliyonyooka ndo atakusikiliza mengine.

Sasa hilo la kampuni si NGO. Mkubalie. Kiwanda si NGO na wewe mwenyewe usikiseme kama NGO, usitumie neno msaada kabisa kwenye kikao. Kuna mchumi wa Marekani, Milton Friedman, mwaka 1970 aliandika makala kwenye gazeti la New York Times akisema wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, na watu wenye mawazo kama ya kaka wanamtegemea yeye mpaka leo hata kama jina lake hawajawahi kulisikia. Ila huyo huyo Friedman aliweka sharti, faida itafutwe ndani ya sheria na ndani ya maadili ya jamii, bila udanganyifu. Na lumbesa ni nini kama sio udanganyifu? Unamlipa mtu gunia moja unabeba gunia na robo. Tena kisheria lumbesa ni marufuku nchini kwetu, Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila mwaka. Kwahiyo hapo hata yule aliyeitetea faida kuliko watu wote hayupo upande wa kaka. Na NSSF vile vile, ule mchango wa asilimia 20 ya mshahara sio hisani yako, ni sheria, usikubali iwekwe kwenye fungu moja na ugali wa mchana.

Na kama atasema kazi ya mkurugenzi ni kuwaangalia wenye hisa tu, mwambie Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi waangalie pia maslahi ya wafanyakazi, sio ya wanahisa peke yao. Wakenya wameenda mbali zaidi, sheria yao ya 2015 kifungu cha 143 inamtaka mkurugenzi afikirie matokeo ya muda mrefu, wafanyakazi, wanaomuuzia malighafi, wateja, jamii na mazingira. Sheria hizi hazisemi wenye hisa wafe njaa, zinasema usifumbe macho.

Tuje kwenye swali lako lenyewe, upime nini. Mi nakuomba upime vitu vichache ambavyo vyote vinajibu swali moja, hii faida ya mwaka huu imetoka wapi na mwakani itatoka tena? Maana faida kila siku inakuja na habari za jana. Ngoja nikupe mfano ambao bado unaniuma, na sikifananishi kiwanda chenu na shirika kubwa kama lile. Mwanzoni mwa Machi 2019 hisa za Boeing zilikuwa juu kuliko wakati wowote kwenye historia yake, na kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa imetumia mabilioni ya dola kununua hisa zake yenyewe ili wenye hisa wafurahi. Tarehe 10 Machi ndege yake ya 737 MAX ya shirika la Ethiopia ikaanguka ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, watu 157 wakafa, na karibu miezi mitano kabla nyingine ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeshaanguka Indonesia na watu 189. Ukiangalia bei ya hisa peke yake, siku chache kabla ya ile ya Nairobi ungesema hii kampuni ina afya njema kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye ndege na kwenye maamuzi ya ndani, na bei ya hisa haikuonyesha hata dalili.

Kwako wewe ubovu ungeanzia wapi? Ungeanzia kwa mkulima. Kwahiyo kipimo chako cha kwanza kiwe hiki, wakulima walioleta alizeti msimu uliopita ni wangapi wamerudi msimu huu. Sio wapo wangapi, wamerudi wangapi, maana 390 inaweza kuwa wapya 200 na wa zamani wamekimbia, hatujui, na daftari unalo, hesabu jina kwa jina hata kama itakuchukua usiku mbili. Ukikuta kwenye kila 10 wamerudi 8 au 9 hapo una kitu ambacho hakuna mwenye lori anaweza kukinunua. Wale watu hawakuja tu wenyewe, wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na wewe umeviunda kwa mizani miaka 6.

Kipimo cha pili kinaenda sambamba na hicho, mashine imesimama siku ngapi. Tenga siku ilizosimama kwa kukosa alizeti na siku ilizosimama kwa ubovu. Hapa ndo utamuonyesha kaka kwa lugha yake, maana mlinzi analipwa mashine ikilala, jengo linazeeka mashine ikilala, na kila siku ya kulala ina bei yake, ipige. Akipunguza wakulima kwa lumbesa anaongeza siku za kulala, sasa yeye mwenyewe atafute kipi kikubwa, kilo alizoiba kwenye gunia au siku alizopoteza. (Samahani kwa neno kuiba lakini sioni lingine.)

Halafu bei. Kila wiki ya msimu andika bei yako ya kilo na bei ya dalali anayezunguka vijijini, pembeni uandike mkulima ameondoka na shilingi ngapi halisi baada ya lumbesa ya dalali kukatwa. Hii itakusaidia hata wewe, inawezekana kuna wiki unalipa juu sana bila sababu, ukiijua unarekebisha.

Kwa wafanyakazi andika walioondoka, walioumia, na muda waliokaa kazini. Fundi wako wa mashine akiwa kibarua wa siku, siku akipata sehemu nyingine anaondoka asubuhi hiyo hiyo na wewe alizeti imejaa stoo. Na mafuta pia uyapime, kila kilo 100 za alizeti zinatoa lita ngapi, na madumu mangapi wateja wamerudisha. Majirani usiwasahau, yale maganda mnayapeleka wapi, moshi unaingia kwa nani, hapo hujaniambia chochote na mi napata wasiwasi kidogo kwamba na wewe hujaliangalia. Wema kwa mkulima wa mbali haufuti kikohozi cha mtoto wa nyuma ya ukuta.

Vyote hivyo viingie karatasi moja, juu kabisa iwe faida, chini yake hivyo vingine, mwaka juzi na mwaka jana pembeni kwa pembeni. Usizidishe. Kuna neno kubwa la mambo haya ambalo Mwingereza anaitwa John Elkington alilianzisha 1994, kwamba kampuni ihesabu mistari mitatu, faida, watu na mazingira, likasambaa dunia nzima, na mwaka 2018 yeye mwenyewe akajitokeza akasema analirudisha gereji kama gari bovu kwasababu makampuni yamelifanya pambo la ripoti. Na 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani wakatia saini tamko kwamba watawaangalia wafanyakazi, wateja na jamii sio wenye hisa tu, maneno mazuri sana lakini lile tamko halikuwa na hata kipimo kimoja. Wewe anza na vipimo, hayo maneno mazuri yatakuja yenyewe.

Kuna jambo lingine nataka ulifikirie kwa utulivu. Mwaka 1844 mji wa Rochdale kule Uingereza watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo wenye maisha magumu, walifungua duka lao la unga, siagi, sukari na mishumaa, kwasababu maduka ya pale yalikuwa yanachanganya uchafu kwenye vyakula na kupunja mizani. Wao wakauza kitu safi kwa uzito kamili, tatizo ni lile lile la lumbesa mwanangu. Mtaji wakaulipa riba yenye kikomo, na faida iliyobaki wakaigawa kulingana na mtu amenunua kiasi gani, sio ana hisa ngapi. Ushirika wa kahawa na pamba kwetu umetoka kwenye mizizi hiyo hiyo, na wazee wa Singida wanajua malipo ya pili ni nini, ile nyongeza mkulima anayopewa baada ya mazao kuuzwa. Nyie ni kampuni ya familia sio ushirika, sikwambii mgawe hisa. Ila malipo ya pili kidogo kwa kilo kwa mkulima aliyeleta misimu miwili mfululizo, yanayotolewa mwaka ukiwa mzuri tu, hayo yanaweza kukaa mahali pa yale mambo ambayo kaka anayaita kugawa, kwasababu yanategemea faida na yanaleta alizeti. Mpelekee kama pendekezo uone.

Sasa nikuseme na wewe. Wafanyakazi 14 wa kudumu mwaka mzima, alizeti ikiisha wanafanya nini? Hukuniambia. Kama kuna watu miezi mitatu wanafagia uwanja uliofagiliwa, kaka ana hoja hapo na usiikimbie. Labda sio kuwafukuza, labda ni kutafuta kazi ya miezi hiyo, kukamua kwa malipo kwa watu wenye alizeti yao, au kusafisha mbegu, au kununua na kutunza mzigo mapema ili mashine isilale, wewe ndo unalijua eneo. Lakini jibu uwe nalo kabla hujaulizwa. Mwenye hisa ana haki ya kuuliza hela yake inafanya nini hata akiuliza kwa ukali.

Na mdogo wako wa kike usimuweke kwenye kundi la maadui. Ana ada, hela yake ipo kiwandani kwenu, gawio likipungua ghafla mtoto anarudishwa nyumbani, hilo nalo ni jambo la watu sio la tamaa. Kinachomuumiza zaidi ni kutojua. Pangeni sehemu ya faida itakayokuwa gawio kila mwaka na itakayobaki kiwandani kwa mota na mbegu, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na gawio litoke mwezi unaojulikana, Januari shule zinapofunguliwa. Nakuhakikishia nusu ya kura yake utakuwa umeshaipata hapo, bila kumbembeleza.

Mpigie yule wa nne aliyekaa kimya. Mpigie simu, usimuandikie kwenye grupu. Muulize anaona nini, halafu unyamaze usikilize.

Karatasi yako watumie wote siku tatu kabla, kaka aikague hesabu mwenyewe, ikiwezekana mwombe akusaidie kuiweka kwenye ekseli yake maana hiyo ndo kazi yake na pengine anatamani kuombwa. Suala la mshahara wako liweke ajenda ya kwanza, kabla ya lumbesa na kabla ya mashudu, na uliseme wewe kwa mdomo wako, laki 9, na sababu zake. Kama mama anaweza kusafiri au kikao mkafanyia nyumbani Singida itakuwa vizuri zaidi, mkae naye hata kama hapigi kura, na ukishahesabu wale wa daftari uwe na jibu la swali lake, wazee wa baba waliorudi ni wangapi.